Maswali na Majibu: Kiwele cha Ng'ombe na Titi la Mama

Mke wangu amejifungua karibuni. Akigombezwa au akiwa na maumivu, maziwa hayatoki. Je, hofu imeyakausha?

Hayajakauka, yamo ndani. Seli za titi hutengeneza maziwa, lakini ili yashuke ni lazima ubongo uachie homoni ya oksitosini, ambayo hubana vimisuli vinavyozunguka vifuko vya maziwa. Wafugaji walilijua hili kwa uzoefu, na mwaka 1941 watafiti Ely na Petersen wakalionyesha kwa majaribio: ng'ombe aliyeshtuliwa au kudungwa adrenalini (homoni ya mshtuko) kabla ya kukamuliwa hakushusha maziwa ipasavyo. Mwaka 1948 Michael na Niles Newton wakalipima kwa mama anayenyonyesha. Alipoudhiwa kwa maji ya barafu miguuni na maswali ya hesabu, mtoto alipata maziwa kidogo. Alipodungwa oksitosini huku maudhi yakiendelea, maziwa yakashuka. Kwa hiyo, ndugu yangu, anayemgombeza ndiye wa kuambiwa aache. Mtoto alale kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na hayo maumivu yatibiwe.

Nakamua maziwa ya mtoto kabla ya kwenda kazini, lakini naogopa kuyamaliza. Nisubiri matiti yajae kwanza?

Usisubiri, dada. Titi lililojaa hupunguza kasi ya kutengeneza maziwa. Likitolewa, kasi hupanda. Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwa ng'ombe. Watafiti walikamua nusu moja ya kiwele mara nyingi kuliko nusu nyingine, na nusu ile peke yake ikaongeza maziwa. Damu ni ileile, homoni zinazosafiri ndani yake ni zilezile, chakula ni kilekile. Maana yake kila upande una mizani yake ya ndani. Peter Hartmann wa Australia Magharibi, aliyeanzia kwenye maziwa ya mifugo kabla ya kuhamia kwa akina mama, alikuta jambo hilohilo kwa wanawake: titi la kulia na la kushoto la mama mmoja huweza kutofautiana sana, na kila moja hujiendesha.

Ila kuna tofauti moja ambayo ingefaa kila mama aelezwe. Ng'ombe ana hifadhi chini ya kiwele inayobeba takriban sehemu moja ya tano ya maziwa, tayari kabla hajashusha. Mwanamke hana. Vitabu vilichora vihifadhi nyuma ya chuchu kwa zaidi ya karne, lakini mwaka 2005 kundi la Hartmann lilichunguza kwa altrasaundi na halikuviona. Ndiyo maana pampu hutoa matone tu mpaka maziwa yashuke. Matone hayo si kipimo cha uwezo wako. Kipimo ni mtoto: kama haongezeki uzito au hakojoi vya kutosha, nenda kliniki mapema.

Ni kweli kunyonyesha kunakula mifupa?

Kwa muda, ndiyo. Titi lenyewe hutoa protini inayoagiza mifupa iachie kalisi iingie kwenye maziwa. Laura Hernandez wa Chuo Kikuu cha Wisconsin ameonyesha kuwa serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe mwilini, inayotengenezwa ndani ya tezi ya maziwa huchochea agizo hilo. Utafiti huo unawagusa wafugaji moja kwa moja, kwa sababu ng'ombe akizaa na kalisi ya damu ikashuka ghafla hupata homa ya maziwa, huanguka, na huweza kufa. Mwanamke hafikwi na hilo kwa kawaida, na mifupa yake hurejea baada ya mtoto kuachishwa.

Bibi anasema dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kujifungua, imwagwe kwa sababu ni chafu. Tumsikilize?

Mheshimuni bibi, lakini dang'a msiimwage. Ndama huzaliwa karibu bila kingamwili, na utumbo wake huzipokea kwa takriban siku moja tu kabla ya kujifunga. Mtoto wa binadamu hupata nyingi kupitia kondo la nyuma, na dang'a humwongezea zile zinazolinda utando wa utumbo. Anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza.