Sekunde Mbili za Adhabu

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nikariri fomula zipi ili niupange mchemraba wa Rubik chini ya sekunde 30?" Nilichelewa kumjibu, kwa sababu nilikuwa bado nauguza kidonda cha mashindano ya Nairobi, ambayo niliyafuata kwa basi kutoka Arusha nikiwa na nia moja tu: kupata wastani ulio chini ya sekunde 20.

Mshindani hupanga mara tano, muda bora na muda mbaya kuliko yote huondolewa, kisha hupigwa wastani wa ile mitatu iliyobaki. Nilianza na 19.62, nikapata 18.76, nikateleza hadi 20.85, nikarudi 19.90. Mara ya tano saa ilisimama kwenye 19.02, nami nikanyanyua mikono kushangilia kabla mwamuzi hajainama kuukagua mchemraba. Alipoinama aliona tabaka la juu limeishia njiani, limepinda kupita nyuzi 45, akaniongezea sekunde 2. Wastani ambao ungekuwa 19.51 ukawa 20.12. Mwamuzi hakukosea, nakubali, ingawa kuanzia Namanga hadi nyumbani sikusema neno.

Haraka hiyo ni ugonjwa wangu wa siku nyingi. Nilipoanza kutumia njia iliyoenezwa na Jessica Fridrich, ambayo huanza na msalaba, yaani vipande vinne vya ukingo vya rangi moja kuzunguka kitovu cha upande mmoja, ikafuata jozi nne za kona na ukingo, kisha tabaka la mwisho, niliamini kwamba mwenye fomula nyingi, yaani mifuatano ya mizunguko ya kukariri, ndiye mwenye kasi. Nilikariri fomula zote 57 za kugeuza rangi ya juu na 21 za kupanga vipande mahali pake, nikazibandika ukutani juu ya kitanda, na nilijisifu sana kwa hilo. Muda wangu ulibaki sekunde 34. Mpwa wangu wa miaka 12, aliyejua fomula 16 tu za kumaliza tabaka hilo kwa hatua nne, alikuwa akinishinda mbele ya wageni.

Siku moja nilijirekodi kwa simu, nikaitazama video polepole. Vidole vilikuwa vyepesi, lakini kila nilipomaliza jozi moja mikono ilisimama, mchemraba ukageuzwa huku na huku kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, sekunde 2 nzima zikapita. Jozi ni nne. Piga hesabu mwenyewe. Tangu hapo nikaanza kuzungusha taratibu kwa makusudi, hata kuchukua dakika nzima, kwa sharti kwamba mikono isisimame kamwe: vidole vinapoingiza jozi ya kwanza, macho yawe yameshaiona kona ya jozi ya pili na ukingo wake. Miezi mitatu ya zoezi hilo ilinitoa kwenye 34 hadi 21, bila fomula mpya hata moja.

Kwa hiyo, mdogo wangu, marahaba, na jibu langu ni kwamba usikariri kitu kwa sasa zaidi ya hizo 16. Ninyi vijana mnapenda njia ya mkato, mnanunua mchemraba wa sumaku wa bei ghali mkidhani sumaku ndizo zitakazowaonea vipande. Punguza mwendo. Nasema tena, punguza mwendo, nami niliyeadhibiwa kwa kutopunguza ndiye ninayekuambia.

Anzia kwenye msalaba. Kanuni zinakupa sekunde 15 za kutazama kabla ya kuanza, na msalaba wowote unaweza kukamilika kwa mizunguko isiyozidi 8, kwa hiyo panga yote kichwani, fumba macho, kisha uitekeleze. Ukifumbua macho ukaukuta msalaba umekaa sawa mara kumi mfululizo, niandikie tena, na katika ujumbe huo uniambie jozi ya kwanza ilikuwa ya rangi gani na ulikuwa umeiona wapi kabla hujafumba.