Maswali na majibu: pakeji yako inajengwa mpaka inakatishwa, muda unaliwa wapi?

Safari hii karibu meseji zote zinalia kilio kimoja. Mtu kaandika pakeji yake ya utafiti, kaiweka wazi, kaituma Bioconductor au CRAN (hizi ni ghala za pakeji za lugha ya R) au conda-forge (ghala la pakeji za conda) ili na wengine waitumie, halafu zile seva zinazoijenga na kuikagua zenyewe zinachukua muda mpaka zinaikatisha njiani. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatafaa wengi, majina nimetoa nimeacha maeneo tu.

Swali, Katubuka: Shikamoo kaka. Nina pakeji ya R ya kuchambua urefu wa migebuka na dagaa wa Kibirizi. Kwenye laptopu yangu nikiikagua kwa devtools::check(vignettes = FALSE) inaisha fasta, ila nikiituma Bioconductor inapitiliza muda wao. Ndani kuna vinyeti inayorudia hesabu ya ukuaji wa samaki mara 10,000. Nitafute laptopu yenye nguvu zaidi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Laptopu achana nayo, hela hiyo kula migebuka. Jibu umeshaliandika mwenyewe kwenye swali: umeiambia isiguse vinyeti, yaani ile makala ya mafunzo inayokaa ndani ya pakeji, na vinyeti ndo mzigo wenyewe. Kule kwao R CMD build inaiendesha yote mwanzo mwisho, na R CMD check ukiiacha ilivyo bila kuizuia nayo inaijenga tena upya, kwa hiyo hizo hesabu zako 10,000 zinapigwa mara mbili na wewe hapo Katubuka hujawahi kuziona zikipigwa hata mara moja.

Sasa kabla hujabadilisha mstari wowote, fanya kama wanavyofanya wao. Nenda kwenye teminali, endesha R CMD build, afu R CMD check kwenye ile tar.gz iliyotoka, kila amri itangulize neno time ili uone nani kala dakika ngapi. Ikimaliza fungua lile folda la .Rcheck, humo kuna faili inaishia na -Ex.timings, imeandika kila mfano wa kwenye kurasa za msaada umechukua sekunde ngapi. Tesiti nazo ziendeshe kwa devtools::test(reporter = "slow") utaona zipi nzito. Watu wengi wanaruka hatua hii, unakuta mtu anahangaika wiki nzima anaandika upya kwa C++ kitu kinachochukua sekunde mbili wakati muda wote umeliwa na mchoro mmoja kwenye vinyeti.

Dawa ya kwako ni nyepesi. Vinyeti ipo kumwonyesha mtu namna ya kutumia pakeji, sio kuthibitisha tasnifu yako, kwa hiyo marudio 50 yanatosha kuonyesha njia. Yale matokeo makubwa yahesabu mara moja, yahifadhi kama .rds ndani ya inst/extdata, kwenye vinyeti unayasoma na kuchora, na msimbo ulioyazaa unauonyesha kwenye kipande kilichowekwa eval = FALSE, yaani kionekane tu kisiendeshwe. Kipande hicho tu lakini! Wakaguzi wa Bioconductor wanataka vinyeti inayofanya kazi kweli, ukizima vipande vyote watakurudishia na watakuwa sahihi. Hata data punguza, samaki wa mwalo mmoja kwa giza moja la mwezi wanatosha kabisa kwa mfano.

Swali, Ujiji: Mambo kaka. Ya kwangu kila ikijengwa inashusha joto la maji ya Ziwa Tanganyika la setilaiti, mamia ya megabaiti. Siku nyingine inapita siku nyingine inakwama. Niiweke hiyo faili ndani ya pakeji?

Jibu: Poa dada. Usiiweke ndani, haitaingia, Bioconductor wanataka tar.gz isizidi MB 5. Ila na kushusha kila mara usiendelee, maana hapo kasi ya bildi yako, yaani huko kujengwa kwa pakeji, umeikabidhi kwa seva ya mtu mwingine, ikilala na wewe umelala. Kata kipande kidogo, mfano maji ya jirani na Kigoma kwa miezi michache, ndo kikae ndani kwa ajili ya mifano na tesiti. Data nzima ipeleke ExperimentHub, ghala la data la Bioconductor, kama unaenda kwao, au Zenodo, ghala la wazi la data za utafiti, na pale inaposhushwa tumia BiocFileCache ili ikishashuka mara moja ibaki kwenye kashe, yaani akiba ya kwenye mashine. Kwa CRAN sheria iko wazi kwamba intaneti ikigoma pakeji itoe ujumbe unaoeleweka na iendelee kistaarabu, sio ianguke na makosa mekundu.

Swali, Ipuli, Tabora: Kuna jamaa kaniambia niweke \dontrun, ile alama ya kuzuia mfano usiendeshwe, kwenye mifano yote, ukaguzi utaisha ndani ya dakika moja. Ni sawa?

Jibu: Utaisha kweli, na hautakuwa umekagua chochote. BiocCheck, kikaguzi cha Bioconductor, inadai angalau asilimia 80 ya kurasa za msaada ziwe na mifano inayoendeshwa, kwa hiyo Bioconductor hupiti. CRAN nako \dontrun wanataka iwe kwa vitu visivyoweza kuendeshwa kabisa, mfano vinavyohitaji nywila. Wengine wanakimbilia \donttest, alama ya kuruka mfano wakati wa ukaguzi wa kawaida, wakidhani wamejificha, lakini tangu R 4.0.0 ukikagua na --as-cran hiyo \donttest inaendeshwa vilevile. Punguza ukubwa wa mfano, kule CRAN mfano ukizidi sekunde 5 unaandikwa kwenye ripoti, na ukaguzi mzima ukizidi dakika 10 nao unaandikwa. Tesiti nzito kweli ziwekee skip_on_cran() uziendeshe kwako na kwenye GitHub, hilo halina shida.

Swali, Kasulu: Nimetumia detectCores() ili hesabu zigawanywe kwenye kori zote za prosesa. Kwangu kasi ni ya ajabu, kwenye seva ndo imekuwa taratibu kuliko mwanzo, na CRAN wamenirudishia. Naomba ufafanuzi, mimi ni mwalimu wa hesabu tu haya mengine najifunza.

Jibu: Mwalimu, hili linawakamata hata waliosomea. detectCores() inahesabu kori za mashine nzima, haijui kama wewe umeruhusiwa ngapi. Seva ya ukaguzi inaweza kuwa na kori kibao lakini inakagua pakeji za watu wengi kwa wakati mmoja, we ukizidai zote mnaanza kugombania na kila mtu anachelewa. CRAN kikomo chao ni kori 2, hakuna mjadala, na wanapima, muda wa prosesa ukizidi muda wa saa ya ukutani kwa zaidi ya mara mbili na nusu unaandikiwa.

Halafu kuna la chini kwa chini zaidi. Maktaba za hesabu za matriksi kama OpenBLAS nazo zinafungua thredi zake zenyewe bila kukuuliza, kwa hiyo ukifungua kazi 4 na kila kazi ikafungua thredi 4, unazo 16 kwenye mashine yenye kori 4, zinapigana vikumbo na muda unaishia kwenye kubadilishana zamu. Weka OMP_NUM_THREADS, ile mipangilio ya idadi ya thredi, iwe 1 kisha pima, nakuhakikishia ni jaribio rahisi kuliko yote niliyoandika hapa. Kwenye pakeji yenyewe idadi ya kori iwe ni chaguo la mtumiaji, ukiacha mwenyewe iwe 1, anayetaka zaidi ataongeza.

Swali, Gungu: Kwenye GitHub Actions, zile mashine za GitHub zinazojenga na kukagua pakeji kila ukituma msimbo, Windows inamaliza mapema, Ubuntu (aina ya Linux) ndo inakokota nusu saa inakompaili, yaani inageuza msimbo kuwa lugha ya mashine, vitu nisivyovijua. Si wanasema Linux ndo nyepesi?

Jibu: Nyepesi ndiyo, ila CRAN inatoa pakeji zilizojengwa tayari kwa Windows na macOS tu, Linux unapewa chanzo ukajengee mwenyewe. Na mashine ya GitHub kila ikianza inaanza tupu, kwa hiyo tegemezi zako zote, yaani pakeji nyingine ambazo yako inazihitaji, na tegemezi za tegemezi, zinakompailiwa kuanzia sifuri. Tumia setup-r ya r-lib, hatua ya tayari ya kuandaa R kwenye Actions, uweke use-public-rspm: true, hapo itachukua zilizojengwa tayari kwa Ubuntu kutoka kampuni ya Posit, nusu saa inageuka dakika chache. Washa na kashe, ila ujue kashe isiyoguswa siku 7 GitHub wanaifuta, ndo maana ukienda Gombe kuhesabu sokwe ukakaa wiki mbili, ukirudi bildi ya kwanza inakuwa ndefu tena, hakuna kilichoharibika.

Tena jiulize kama hizo tegemezi unazihitaji. Nimeona pakeji inavuta tidyverse nzima, lile kundi kubwa la pakeji za kushughulikia data, kwa sababu ya amri mbili tatu za kuchuja safu. Hiyo ndo sababu ya polepole ambayo hakuna kashe itakayoiponya, na kila atakayeisakinisha pakeji yako kwa bando la kuungaunga atakulaani kimyakimya.

Swali, Gungu tena: Na C++ yangu je? Nina faili moja ya mistari mingi sana inatumia RcppEigen (maktaba ya matriksi), na MAKEFLAGS nimeweka -j4 ili ikompaili kwa kori nne, sioni tofauti.

Jibu: Huwezi kuiona, -j4 inagawa mafaili, na wewe unalo moja, kori moja inafanya kazi, tatu zinaangalia. Ligawe kimantiki. Eigen yenyewe ni templeti tupu kwa hiyo kompaila inatoka jasho kila inapoiona, weka vichwa vyake kwenye yale mafaili yanayoihitaji tu. Kwako nyumbani sakinisha ccache, inatunza yaliyokwisha kukompailiwa ili yasirudiwe.

Swali, Mwanga: Conda, ile programu ya kusakinisha pakeji, inakaa kwenye "Solving environment" mpaka nalala.

Jibu: Angalia vesheni kwanza. Kuanzia conda 23.10 kitatuzi cha libmamba ndo kinachotumika chenyewe, cha zamani kilikuwa balaa. Halafu weka channel_priority iwe strict, chaneli ziwe chache, conda-forge itangulie. Na kama pakeji yako ni Python tupu isiyo na cha kukompaili, kwenye resipe weka noarch: python, itajengwa mara moja badala ya kila mfumo na kila vesheni ya Python.

Swali, Cheyo, Tabora: Za huko bro. Naandaa .whl, yaani faili zilizojengwa tayari kusakinishwa, za pakeji ya Python kwa cibuildwheel; za prosesa za x86 (Intel na AMD) zinatoka haraka, za aarch64 (ARM) zinagonga kikomo cha masaa 6 cha GitHub.

Jibu: Salama kabisa, embe zimeshaiva huko? Hapo unajenga kwa QEMU, programu ya kuigiza prosesa nyingine, mashine ya x86 inaigiza kuwa ARM, kila amri inatafsiriwa, na kukompaili ndo kazi inayoumia kuliko zote kwenye maigizo hayo. Siku hizi GitHub wana mashine za Linux za arm64 zenyewe, ripozitori za wazi hazilipi, hamishia kazi hiyo huko (ubuntu-24.04-arm). Usijenge aina zote kila unapopusha, jenga moja ya kujaribu, zote zijengwe unapotoa vesheni mpya. Na logi ikionyesha numpy inakompailiwa ndani ya bildi yako, ujue kwa Python hiyo au kwa mfumo huo haijapata .whl, kwa kawaida ni Python iliyotoka juzi, unaweza kuiruka kwa muda.

Swali, Bangwe: Umeme ukikatika nikishapusha bildi inakufa? Na mbona nimeituma Bioconductor, nikarekebisha, nikapusha mara kibao na hamna kinachoendelea, seva zao zimekwama?

Jibu: Haifi, ikishafika GitHub inaendelea huko huko, we washa kandili. La pili, hamna seva iliyokwama. Bioconductor haijengi upya mpaka upandishe namba ya vesheni, 0.99.0 iwe 0.99.1, ukipusha bila kugusa namba kwao hakuna kipya. Kwenye Actions ni kinyume, kila pusho ni bildi mpya, zinapangana nyuma ya nyingine na unadhani ni taratibu kumbe ni foleni uliyoitengeneza mwenyewe, na kungoja zamu gatini sio kupakia mzigo. Weka concurrency na cancel-in-progress: true ili ya zamani ikatishwe. Angalia na kalenda, Bioconductor hutoa matoleo Aprili na Oktoba, wiki za kabla ya hapo kila mtu anakimbiza ya kwake, na CRAN wana kawaida ya kusimamisha mapokezi sikukuu za mwisho wa mwaka. Kama unataka kuingia toleo la Oktoba, tuma Julai.