Mchungaji Aliyekataa Kukimbia

SWALI: Shikamoo Mzee. Mwinjilisti wetu alimtaja Gudina Tumsa tukimenya viazi vya harusi. Wageni wakafika, hadithi ikakatikia hapo. Aliishaje? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba mwanangu. (Viazi viliiva lakini?) Gudina alikuwa katibu mkuu wa Mekane Yesus, kanisa la Walutheri wa Ethiopia. Serikali ya kijeshi ya Derg ilishamweka ndani. Akashauriwa atoroke nchi, akakataa kuliacha kundi. Julai 28, 1979, akitoka ibadani Addis Ababa, alitekwa, akauawa. Mkewe, Tsehay Tolessa, naye alifungwa miaka mingi. Mabaki ya Gudina yalipatikana 1992. Hapo ndipo mimi hunikaba koo: miaka 13, mjane hana hata kaburi la kung'olea majani.