Rojo la jivu juu ya mgodi

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nimesoma kwamba kule Huaibei, China, husukuma rojo la jivu ndani ya mwamba ulio juu ya migodi ya makaa ya mawe ili ardhi yenye vijiji isititie. Mbona haliwamwagikii wachimbaji? Msomaji, Mbeya.

JIBU: Marahaba. Siri kubwa ni kina. Makaa yakishatolewa, mwamba wa juu yake huporomoka na kujaa nyufa. Shimo linalochorongwa kutoka juu ili kupitisha rojo likiishia humo, rojo litashuka mgodini. Kwa hiyo shimo huishia juu ya ukanda huo, chini ya tabaka nene na gumu, pale matabaka yanapoachana na kubakiza uwazi. Bomba la chuma ndani ya shimo hushikizwa kwa saruji, rojo lisipenye pembeni.

Baada ya hapo mimi nisingebanduka kwenye geji mbili: shinikizo na mtiririko. Shinikizo likishuka ghafla huku mtiririko ukipanda, rojo limepata pa kutorokea. Punguza kasi, lifanye zito zaidi, au simamisha pampu kabisa.

Huachwa pia nguzo pana za makaa kati ya eneo moja na jingine, tabaka lile gumu lisivunjike. Wanaotaka kuzichimba nguzo hizo kwa tamaa ya tani chache siwaungi mkono hata kidogo.