Nawalisha samaki na bado wanaenda

SWALI: Dada habari, niko na hadiwea hapa Kondele, Kisumu, wafanyikazi saba. Mshahara unaingia tarehe 2 haujawahi chelewa, na kila mwisho wa mwezi nawapeleka Dunga Jumapili tunakula samaki kwa pesa yangu. Kwa grupu yetu ya WhatsApp tunaongea kaa familia mpaka saa nne usiku. Lakini tangu Januari watatu wameacha kazi, na wa mwisho, karani wa stoki, ameenda kwa jirani kwa mshahara mdogo kuliko wangu! Ama vijana wa siku hizi hawana tu shukrani? – Mama Hadiwea

JIBU: Pole dada yangu, lakini hiyo Dunga ndo inanisumbua. Kwako ni zawadi, sawa, na ngege ya Dunga hata mimi siwezi kataa, lakini huyo kijana Jumapili ndo anafua, anaenda kanisa, anafika Bondo kuona mamake arudi na matatu ya mwisho, sasa ukimwita akae meza moja na bosi acheke kila bosi akicheka, hiyo ni kazi, tofauti ni iko na ugali. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema angalau siku 1 ya kupumzika kwa kila siku 7, pamoja na livu isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka na mshahara wote. Livu hukuitaja mahali popote kwa barua yako, nimeisoma mara mbili.

Halafu hiyo grupu ya saa nne usiku. Najua unaandika tu "nani ako na funguo ya stoo" ama "simiti imebaki mifuko ngapi", na kwako ni sekunde mbili, lakini yeye ako na mtoto mkononi na hawezi nyamazia bosi. Hii shida hata Seneti imeiskia, 2022 Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alileta mswada wa kumpa mfanyikazi haki ya kutojibu mambo ya kazi baada ya saa za kazi.

Kuna watafiti wawili wa Kanada, John Meyer na Natalie Allen, mwaka 1991 waliandika kwamba mtu hukaa kwa kazi kwa sababu tatu: anaipenda, ama anaogopa hasara akitoka, ama anaskia ako na deni. Mshahara wako unashika ile ya pili na samaki nadhani ulitaka ishike ya tatu, lakini mtu wa kukaa kwa kuogopa hasara akipata mahali pengine pa kupumua ameenda, na karani wako amekuonyesha hata pesa atapunguza.

Kwa hivyo Dunga iweke Ijumaa mchana, funga duka saa nane, uone vile watacheka vya ukweli. Grupu inyamaze saa kumi na mbili, funguo ya stoo ikae na mtu mmoja. Livu andikeni kwa kalenda ukutani kila mtu aone yake, na wewe pia jiandikie.

Na huyo karani ukitaka kumuuliza kwa nini alitoka, tafadhali usimpigie leo Jumapili.