Bunduki ya kwanza ya upepo: tafuta pa kupigia kabla ya kwenda dukani

Vijana wa kwetu waliohamia England huniuliza swali moja: ninunue bunduki gani ya upepo? Nami huwauliza: utapigia wapi? Nauliza kwa dhati, kwa sababu mahali ndipo panapoamua yote yanayofuata, kuanzia uzito wa bunduki hadi aina ya darubini ya kulengea. Anayenunua kwanza na kutafuta mahali baadaye mara nyingi huishia na chombo kizuri kilichofungiwa kabatini mwaka mzima.

Lakini kabla ya mahali kuna sheria. Katika England na Wales, mtu aliyetimiza miaka 18 ananunua bunduki ya upepo bila cheti cha polisi, mradi nguvu yake haizidi futi-pauni 12, yaani jouli 16 na kidogo. Ikizidi hapo inahitaji cheti, na kuwa nayo bila cheti ni jinai. Scotland ni habari nyingine. Tangu tarehe 31 Desemba 2016 hata hizi za kawaida zinahitaji kibali huko, kwa hiyo usiitie kwenye buti la gari kwenda kumsalimia binamu yako Glasgow ukidhani sheria ni moja. Northern Ireland kikomo ni jouli 1 tu. Aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha miezi 3 au zaidi huzuiwa kwa miaka 5, na aliyehukumiwa miaka 3 au zaidi huzuiwa maisha. Mwenye duka haruhusiwi kukutumia bunduki kwa posta hadi mlangoni. Makabidhiano ni ana kwa ana, na ukiwa mbali ataituma kwa muuzaji mwingine aliyesajiliwa karibu nawe. Nyumbani unawajibika kuiweka mahali ambapo aliye chini ya miaka 18 hawezi kuifikia bila idhini inayoruhusiwa na sheria.

Njiani, ukienda kupigia na kurudi, ndipo ninapowasihi wageni zaidi. Bunduki isafiri ndani ya mkoba uliofungwa, bila risasi, na uwe na sababu ya kueleweka ya kuwa nayo. Mtu akionekana barabarani na bunduki, watu huita polisi, na polisi watakaokuja ni wale wenye silaha. Kwa mbali hawawezi kujua kwamba ni ya upepo. Kwa sisi tunaoishi kwa viza, kosa la silaha linaweza pia kuvuruga maombi ya ukaazi au ya uraia. Na usifikirie kuifungasha ukienda likizo nyumbani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, Tanzania uwindaji unakwenda kwa vibali, na sheria za silaha za huko hazijali kwamba Birmingham uliinunua bila cheti.

Sasa tazama kile kikomo cha futi-pauni 12 kinavyofanya. Karibu kila bunduki ya ukubwa kamili inayouzwa England bila cheti hutengenezwa kufika chini kidogo tu ya hapo. Ya bei nafuu na ya bei kali zinapiga kwa nguvu karibu ile ile. Kwa hiyo muuzaji anayekusifia nguvu anakuuzia kitu ambacho bunduki ya jirani yake nayo inacho. Unacholipia hasa ni usahihi wa mtutu, ulaini wa kifyatulio, na jinsi bunduki inavyokaa begani pako. Mtu akishalielewa hilo, nusu ya kelele za matangazo inanyamaza.

Turudi kwenye mahali. Wengi wetu huanzia bustani ya nyuma ya nyumba, na sheria inaruhusu, ila risasi isivuke mpaka wa eneo lako. Hata ikidunda jiwe ikatua kwa jirani umekosa. Unahitaji sanduku la chuma la kukamatia risasi, na nyuma yake kitu kizito: ukuta uliofunikwa mbao nene, au tuta la mchanga. Zungumza na jirani kabla hujapiga risasi ya kwanza. Mwonyeshe unapigia upande gani. Jirani aliyeelezwa hapigi simu polisi.

Klabu ni bora kuliko bustani, na kwa mgeni naiweka juu ya yote. Mchezo wa kupiga shabaha za chuma zilizofichwa porini, zinazoanguka zikipigwa sawasawa, ulizaliwa huku huku Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na klabu zake zimetapakaa nchi nzima. Shabaha huwekwa kuanzia yadi 8 hadi 55, na mpigaji hukisia umbali mwenyewe. Katika eneo la Midlands kuna hata baa zenye mashindano ya zamani ya kupiga kengele, ambapo risasi hupita kwenye tundu dogo la bamba la chuma kutoka yadi 6. Klabuni utapewa bunduki za watu ujaribu, na hapo ndipo utakapojua kama bega lako linapenda bunduki ya springi au ya mtungi wa hewa, aina mbili nitakazozieleza chini. Utakuta pia kifaa cha kupima mwendo wa risasi, ambacho nitakirudia.

Shamba la kuwindia ndilo gumu kupata. Kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na bila ruhusa yake wewe ni mvamizi mwenye silaha, kosa zito. Nenda mwenyewe, mchana, umevaa nadhifu, bila bunduki. Usiende msimu wa kondoo kuzaa wala wakati wa mavuno. Usimwambie mkulima unapenda kuwinda. Mwulize ana shida gani: panya kwenye ghala la nafaka, sungura kwenye ngano, kindi wa kijivu wanaobandua magome ya miti. Utakataliwa, pengine mara nyingi, na mara nyingine utatazamwa kwa namna itakayokuuma. Endelea. Watu wa mashamba hujuana, na mkulima mmoja anayekuamini atakutaja kwa wa pili. Ruhusa ikipatikana, iandikwe kwenye karatasi yenye mipaka ya shamba, na uitembeze mfukoni.

Ukishajua pa kupigia, aina ya bunduki inajichagua yenyewe.

Ya springi ndiyo ya zamani. Unakunja mtutu au unavuta wenzo ulio chini yake, springi nzito inabanwa, na ukifyatua pistoni inasukuma hewa nyuma ya risasi. Haihitaji mtungi wala pampu. Bunduki, kopo la risasi, basi. Ugumu wake ni kwamba inatikisika nyuma kisha mbele wakati risasi bado imo mtutuni, kwa hiyo kosa lolote la mkono linaonekana kwenye karatasi. Ukiibana kwa nguvu inatupa risasi ovyo. Iache ilale juu ya kiganja cha mkono wa mbele, uishike kama unavyoshika kifaranga, na iruke inavyotaka, mradi iruke vile vile kila mara. Usiifyatue tupu bila risasi, maana pistoni hugonga chuma na mpira wake huharibika. Na usimimine mafuta kwenye tundu la hewa. Yanaungua kwa mgandamizo, risasi inatoka kwa nguvu kupita kiasi, na ndani pia panaumia.

Ya mtungi hujazwa hewa ya mgandamizo mkubwa, bar 200 hivi, kwa pampu ya mkono au kutoka kwenye mtungi kama wa wapiga mbizi. Haitikisiki karibu hata kidogo, na mgeni hupiga vizuri nayo mapema. Gharama ndiyo hoja: nunua bunduki, kisha pampu au mtungi, kisha ukaguzi wa mtungi kila unapofikia muda wake. Pampu ya mkono nayo ni jasho la kweli. Kwa mwenye bega au mgongo unaouma, kwa atakayekaa zaidi klabuni, au kwa mwenye uwezo tu, sina neno la kumzuia.

Ile ya vikopo vya gesi ya kaboni usiitumie kuwindia. Baridi ikiingia gesi hupoteza msukumo, na baridi ya huku unaijua.

Mimi humwelekeza mgeni kwenye springi ya kukunja mtutu, ya kazi ya Kijerumani, hata ikiwa imeshatumika. Kampuni ya Weihrauch ya Mellrichstadt hutengeneza HW95 inayofaa shamba na klabu, na HW30S ndogo, nyepesi, isiyo na nguvu nyingi, ambayo kwa bustani na karatasi ni furaha tupu. Kifyatulio chao kiitwacho Rekord hurekebishika vizuri, na vipuri hupatikana kila mahali. Ukiinunua iliyotumika, ifuate kwa muuzaji aliyesajiliwa, ikunje mara kadhaa mbele yake, sikiliza kama springi inakwaruza, kisha itie begani. Mtutu ukifungwa usicheze hata kidogo. Ukishindwa kuishika dakika moja bila mikono kutetemeka, ni nzito kwako. Wengi hupuuza uzito kwa sababu dukani wanaishika nusu dakika tu. Bunduki ya kilo tatu na nusu, ikiongezwa darubini, mwisho wa siku si ile uliyotoka nayo asubuhi.

Kipenyo cha risasi: milimita 4.5 au 5.5? Ubishi huu haujaisha tangu nianze mchezo. Fanya hesabu mwenyewe. Risasi ya 4.5 yenye gramu 0.55 hivi, ikiwa chini kidogo ya kikomo, hutoka kwa takriban mita 240 kwa sekunde. Ya 5.5 yenye gramu 1.03 hutoka kwa mita 175 hivi. Hadi kufika mita 30, ya kwanza imeshuka kama sentimita 9 chini ya mstari wa mtutu, ya pili kama 16. Ukikosea umbali kwa mita tano, ya 4.5 inakusamehe zaidi, na mgeni hukosea umbali kila siku. Ndiyo maana namshauri aanze na 4.5. Wa 5.5 husema risasi nzito humwangusha mnyama kwa pigo bora, na wana hoja, lakini pigo linahesabika pale tu risasi ilipotua panapostahili.

Darubini ya springi lazima iwe imetengenezwa kwa springi. Huku kutikisika mbele na nyuma huvunja vioo vya darubini ambazo zingestahimili bunduki kubwa ya baruti. Ukuzaji wa mara 3 hadi 9 unatosha. Risasi usinunue kwa bei. Chukua makopo matatu manne ya watengenezaji wanaoaminika, kama JSB wa Czech au H&N wa Ujerumani, upige kila moja kwenye karatasi kutoka kwenye egemeo, uone ipi mtutu wako unaipenda, kisha ubaki nayo. Mitutu miwili ya aina moja inaweza kupenda risasi tofauti. Halafu nenda kwenye kile kipima mwendo cha klabu. Bunduki iliyo ndani ya sheria kwa risasi moja inaweza kuvuka kwa nyingine, na mbele ya hakimu anayewajibika ni wewe mwenye bunduki, si kiwanda.

Sasa uwindaji. Weka karatasi yenye duara la ukubwa wa sarafu ya pensi mbili, milimita 26 hivi. Piga ukiwa umepiga magoti, umekaa, umeegemea mti, maana porini hakuna meza. Umbali ambao risasi zako zote zinaingia ndani ya duara hilo, bila moja kutoka, ndio umbali wako wa kuwinda. Ukiwa mita 18, ni mita 18. Bunduki inaweza kufanya kazi safi mita 30 na zaidi, lakini mnyama anakufa au anateseka kulingana na mkono wako wewe. Lenga kichwa, kati ya jicho na sikio. Na daima tazama kilicho nyuma yake. Hapo kama ni anga tupu, usifyatue, maana risasi hii ndogo husafiri mamia ya mita.

Jifunze wanyama kabla ya kujifunza kuwaua. Panya, sungura na kindi wa kijivu ndio kazi kuu ya bunduki hii. Kindi mwekundu amelindwa na sheria. Ndege wote wamelindwa kwa kanuni, na njiwa pori huruhusiwa kwa leseni ya jumla ya serikali tu. Huiombi, lakini lazima uisome na uyatimize masharti yake, na masharti hayo ni kama kuzuia hasara kubwa ya mazao. Kumpiga njiwa kwa sababu tu unataka mchuzi hakumo.

Sungura wa shambani ni nyama nzuri. Mtoe matumbo mapema, kata na utupe nyama yote iliyozunguka njia ya risasi kwa sababu ya sumu ya madini ya risasi, na unawe mikono baada ya kushika kopo, kila mara, kabla ya kula chochote. Kwa ndugu zangu Waislamu, kama mnyama aliyekufa kwa risasi ya namna hii ni halali, wanazuoni wamehitilafiana. Muulize sheikh unayemfuata kabla ya kwenda shamba, ili ujue mapema kama nyama ni yako au ya mkulima.