Nazia Hassan hakuwa Mhindi

Ndugu, umeuliza kama binti aliyeimba "Aap Jaisa Koi" alikuwa Mhindi, na aliishia wapi. Nazia Hassan alikuwa Mpakistani, mzaliwa wa Karachi, 1965. Wanaochanganya siwalaumu, maana wimbo wenyewe ulitoka kwenye filamu ya Kihindi, Qurbani, mwaka 1980. Aliurekodi London kwa mtayarishaji Biddu, akiwa bado mwanafunzi, na 1981 akabeba Filmfare, tuzo kubwa ya filamu za Kihindi, ana miaka 15 tu!

Hebu usikilize tena kwa spika nzuri. Sauti nyembamba, ya puani kidogo, haina yale madoido ya waimbaji wa sinema wa enzi hizo, na chini yake besi la disko linadunda. Mwaka huohuo wa 1981 akatoa albamu ya Disco Deewane na mdogo wake wa kiume, Zoheb.

Baadaye alisomea sheria, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, na akapambana na dawa za kulevya kwa vijana wa kwao. Upande huo watu wameusahau mno, kwa maoni yangu. Saratani ya mapafu ilimchukua akiwa London, 13 Agosti 2000, ana miaka 35.